Mifuko Miwili ya Kitambaa Kimoja

Habari ile niliipata nikiwa na pini nne mdomoni.

Nesi wa zahanati ya mtaani kwetu alikuwa amesimama juu ya kigoda, amevaa sare yake mpya niliyokuwa nampimia pindo, na mimi nimepiga magoti mbele yake kama mtu anayeomba msamaha. Akaniuliza huku akijitazama kwenye kioo, "Fundi, ni kweli mumeo amenunua bastola?"

Sikuweza kujibu kwa sababu ya pini. Nikatikisa kichwa kwamba hapana.

"Basi watu wana maneno! Wanasema ameonekana kituo cha polisi mara tatu anafuatilia kibali. Wengine wanasema anayo tayari, anatembea nayo kiunoni. Mimi nikawaambia, nani, yule fundi saa? Yule hata kuku hachinji!"

Nikatoa pini. "Hachinji kweli. Kuku wetu anachinjwa na jirani."

"Si ndiyo! Watu waongo sana."

Akacheka, nami nikacheka. Lakini pindo la Nesi siku ile lilitoka upande mmoja juu, upande mmoja chini, na katika miaka kumi na moja ya kushona sikuwahi kumharibia mtu pindo. Nililifumua nikalishona upya. Kila mshono uliopita chini ya sindano uliniambia neno lile lile: bastola, bastola, bastola.

Niwaeleze kwanza sisi ni nani. Mume wangu ni fundi saa, mimi ni fundi cherehani. Tulipooana ndugu walitutania kwamba fundi kaoa fundi, nyumba itajaa vyuma mpaka kitandani. Yeye huniita fundi wangu, mimi humwita fundi saa, hata tukiwa peke yetu. Mungu alitupa binti mmoja, na wakati huo alikuwa na miaka mitano. Mwembamba, mwepesi, mdomo mkali. Baba yake akamwita Sindano, na jina likamganda.

Miezi mitano kabla ya maneno ya Nesi, watu wawili waliingia dukani kwa mume wangu mchana kweupe. Meza yake ilikuwa imekaa kwenye dirisha, kwa sababu kazi ya saa inataka mwanga, kwa hiyo alikuwa anaupa mlango mgongo. Hakuwaona. Walimpiga kichwani kwa chuma, wakazoa saa za watu, wakaondoka. Alishonwa nyuzi saba. Kidonda kikapona, nywele zikaota, ila mikono ikawa inatetemeka.

Nyie hamjui mikono ya fundi saa. Skrubu ya saa ni ndogo kuliko punje ya mchele iliyokatwa mara nne. Mume wangu alikuwa anaikamata kwa koleo dogo na kuiweka kwenye tundu lake bila hata kubana pumzi. Hiyo ndiyo mikono niliyoipenda kabla sijampenda mwenyewe. Baada ya siku ile alikuwa anavaa lenzi yake jichoni, anainama, skrubu inaanguka. Anaitafuta kwa sumaku, anaipata, inaanguka tena. Saa za watu zikawa zinarudi kwa wenyewe kama zilivyokuja.

Basi jioni ile, tulipokuwa tunakula na Sindano yuko nje anacheza na wenzake, nikamwambia, "Fundi saa, nimesikia jambo."

Akaweka kijiko chini. Hakuuliza jambo gani. Hapo hapo nikajua.

"Nilitaka kukuambia," akasema.

"Lini?"

"Kesho."

"Kesho ipi? Ile ya siku ulipokwenda polisi mara ya kwanza?"

Akatazama sahani.

"Iko wapi?"

"Kwenye sanduku la chuma. Juu ya kabati."

"Kabati lipi?"

"Letu."

"Nimelala siku ngapi chini ya hicho kitu?"

"Tisa," akasema. Huyu mwanaume ana kasoro nyingi, lakini uongo hajui.

Nilisimama. Nilitaka kusema mengi, na mengi hayo hayakuwa mazuri. Yeye akanyoosha mikono yake yote miwili juu ya meza, viganja chini, vidole vimetanuka.

"Tazama," akasema. "Tazama kwanza, halafu unitukane."

Nikatazama. Vidole vilikuwa vimetulia kama vya mtu aliyechorwa.

"Jana nimefungua saa ya mwanamke, zile ndogo. Nimeitoa vyuma vyote, nimesafisha, nimerudisha. Haikuanguka skrubu hata moja. Nikiwa nayo dukani, kwenye droo karibu na goti langu, sisikilizi mlango. Mimi siyo mtu wa kumpiga mtu, fundi wangu, unanijua. Nataka tu kuweza kuupa mlango mgongo."

Mambo haya nayaandika ili mjue kwamba ubaya haukuingia nyumbani kwangu umevaa sura ya ubaya. Uliingia na mikono ya mume wangu imetulia. Ningekataaje?

Nikampa masharti matatu. Ikifika nyumbani inaingia kwenye sanduku na kufuli inafungwa. Ufunguo unakaa shingoni kwake, hata akioga. Risasi zinakaa mbali nayo. Akaapa yote matatu. Akaniapia kwa jina la mama yake aliyekufa, na siyo mtu wa kumtaja mama yake ovyo.

Mama yangu anakaa mitaa mitatu kutoka kwetu. Alipopata habari alikuja, akasimama nje ya kizingiti, akagoma kuingia.

"Mimi humo siingii. Nikitaka kumwona mjukuu wangu ataletwa kwangu."

"Mama, imefungiwa."

"Hata simba hufungiwa. Wewe mwanangu, wewe uliyekuwa unapanda juu ya meza ukiona mende!"

"Mama, mende anatembea mwenyewe."

"Na hiyo itatembezwa," akasema Mama, akajifunga vizuri khanga yake, akaondoka.

Wiki za kwanza nilikuwa nikisikia kufuli inalia chumbani natoka nje kabisa, najifanya naanua nguo. Mume wangu akaliona hilo. Akaniambia, "Kitu unachokiogopa hivyo ni heri ukijue. Twende Jumamosi kwenye uwanja wa shabaha, ukaone tu. Usiguse kama hutaki."

Nilikwenda ili nisimwudhi. Mkufunzi wa pale alikuwa mwanajeshi mstaafu, mzee mwenye masikio mazito anayedhani watu wote ni viziwi kama yeye. Akanipa vitu vya kuziba masikio, kisha akanipigia kelele, "Mama, shika hivi! Mkono usiulegeze! Na usifumbe macho, hiyo bastola, siyo busu!"

Mume wangu akaangua kicheko. Wenzangu, nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu siku ile ya chuma. Akaja nyuma yangu, akapitisha mikono yake kandokando ya mikono yangu, kidevu chake karibu na sikio langu. "Pumua," akasema. "Kama unavyopitisha uzi kwenye sindano. Vuta, shikilia, halafu ndiyo."

Risasi ya kwanza ilipiga udongo. Ya pili hata leo haijulikani ilikokwenda. Ya tatu ikatoboa karatasi pembeni, nami nikaruka kama msichana.

"Nitakusemea kwa mama yako," akasema.

"Ukinisemea, najua kulenga sasa."

Tulirudi kwa miguu tumeshikana mikono barabarani kama wachumba. Watu walitutazama, sikujali. Alikuwa ananitazama kwa jicho lile la zamani, la wakati alipokuwa anakuja kushonesha kifungo kimoja cha shati na kukaa saa nzima. Niliona tumerudishiana ujana. Tangu hapo tukawa tunakwenda kila baada ya Jumamosi moja, na mimi ndiye niliyekuwa namkumbusha.

Kuzoea kukaanza hivyo, polepole, na kila hatua ilikuwa na sababu yake nzuri.

Kwanza nikajifunza kuifuta. Mafuta yake ni yale yale ya cherehani, mepesi, yasiyonata, nayo yalikuwa tayari nyumbani. Nikawa naifuta mimi Jumapili asubuhi huku naimba. Halafu nikaona ameiviringisha kwenye kitambaa cha mezani, nikaona aibu. Mke wa mtu ni fundi na kitu chake kinalala kwenye tambara? Nilikuwa na kipande cha turubai la kahawia kilichobaki nilipojishonea mfuko wa mkasi wangu mkubwa. Nikakata mfuko wa bastola kwa kipande hicho hicho, chini mwembamba, juu wazi ili mpini uchomoze, na mkanda wa kupita kwenye mshipi. Nikaushona kwa uzi mwekundu, mishono miwili miwili. Ulipendeza. Mume wangu aliubusu ule mfuko mbele yangu.

Mwezi wa nne tangu ije nyumbani nikaona shingo yake imechubuka kwa kamba ya ufunguo.

"Utundike tu nyuma ya mlango, kwenye msumari," nikamwambia. "Sindano hafiki."

"Tulikubaliana, fundi wangu."

"Tulikubaliana wakati ule mimi ni mwoga. Sasa mimi si mwoga."

Akasita, akautundika. Alikuwa anataka kunifurahisha, basi. Na risasi nazo, siku moja alichoka akaziacha humo humo ndani. Nikaona. Nikanyamaza. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu haikuwa habari tena.

Sasa sikilizeni Alhamisi.

Mume wangu alirudi mchana kula, kichwa kinamuuma. Aliingia chumbani, nikasikia kufuli inalia, akajilaza. Alipokwisha kusinzia nikakumbuka kwamba asubuhi niliona mkanda wa ule mfuko umefumuka. Kazi ya dakika mbili. Nikachukua ufunguo msumarini, nikafungua sanduku kimya kimya nisimwamshe, nikaitoa bastola ikiwa ndani ya mfuko wake, nikaenda nayo sebuleni kwenye cherehani yangu. Nilijiona kama nimebeba soksi za kutia viraka.

Kabla sijakaa mlango ukagongwa. Mteja, mwenye haraka zake, anataka gauni lake la harusi ya dada yake. Nikafungua droo ya cherehani, nikautumbukiza ule mfuko ndani, nikafunga, nikaenda kumsikiliza. Alinichukua nusu saa nzima na maneno ya mikono mirefu au mifupi. Alipoondoka nikarudi kwenye kola niliyoiacha, nikashona, uzi ukawa mrefu, nikaubana kwa meno, na kichwani mwangu hakikuwemo kitu kingine zaidi ya ile kola.

"Sindano," nikaita, "nipe mkasi."

Tangu ana miaka mitatu huyu mtoto ndiye mletaji wangu wa mkasi. Nilimfundisha mwenyewe: mkasi mkubwa unaletwa ndani ya mfuko wake, unashika huku chini kwenye ncha, mpini unampelekea mtu. Ncha ikuelekee wewe, usije ukamchoma mwenzio. Nilimfundisha vizuri mno, na alikuwa akipatia nampigia makofi.

Nikasikia droo inafunguka nyuma yangu. Nikasikia hatua zake, ndogo ndogo, za mtu anayekwenda kwa uangalifu.

"Mama," akasema, "leo mkasi mzito."

Nikageuka.

Alikuwa ameushika mfuko wa turubai la kahawia kwa mikono yote miwili, huku chini, vidole vimebana. Mpini ulikuwa unanielekea mimi. Ule upande mwingine ulikuwa umegusa tumbo lake, hapo hapo juu ya kitovu, kwenye gauni la njano nililomshonea mwenyewe.

Akapiga hatua. "Shika, Mama."

"Simama hapo," nikasema. Sijui sauti ile ilitoka wapi, ilikuwa ya kawaida kabisa. "Usisogee. Usibane vidole."

Akaona uso wangu. "Nimekosea? Mpini nimekupa wewe."

"Hujakosea, mwanangu. Umepatia. Sasa ulaze juu ya hicho kitambaa hapo kitini. Polepole, kama mtoto amelala. Hivyo hivyo. Toa mikono. Njoo."

Akaja. Nikamkumbatia mpaka akalalamika kwamba namuumiza, na hapo ndipo nilipopiga ukelele.

Mume wangu alitoka chumbani miguu peku. Aliitazama ile bastola kitini, akamtazama mtoto, akanitazama mimi. Akaichukua, akageukia ukutani, akaifungua. Risasi zikaanguka mezani kwangu moja moja, katikati ya vifungo. Zilikuwa sita. Moja ikaviringika mpaka kwenye mkebe wa pini, ikasimama.

"Umeona?" nikamwambia. "Umeona ulichotaka kumfanyia mtoto wangu?"

"Niliiweka kwenye sanduku," akasema polepole. Akashika kichwa, pale kwenye kovu. "Nilifunga. Au sikufunga? Kichwa kilikuwa kinauma... Labda nilidhani nimefunga."

Wenzangu, neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Lilikuwa neno dogo. Nikalimeza.

"Ni kosa langu," akasema mume wangu. "Ni kosa langu, fundi wangu."

Na mimi nikamwachia.

Jirani aliyesikia ukelele alimkimbilia Mama, naye akafika kabla jasho halijanikauka. Hakupandisha sauti, na hilo liliniogopesha zaidi. Alimfunga Sindano mgongoni, mtoto mkubwa vile, akaniambia, "Chukua nguo zako." Mume wangu alisimama mlangoni ameshika ndala moja ya mtoto.

"Mama mkwe, kiatu chake."

Mama akaipokea bila kumtazama. "Mimi nilisema," akamwambia. "Mkanicheka na mende wenu."

Siku ya kwanza kwa Mama sikula. Siku ya pili Mama alikata shauri. "Mume asiyejua ameacha wapi kitu cha kuua siyo mume. Utakaa hapa, na mtoto atakaa hapa. Nitazungumza na wajomba zako." Alikuwa anachambua mchele huku anasema, na kila neno lilikuwa la haki, isipokuwa lilikuwa linampiga mtu mwingine.

Sindano akaniuliza, "Baba hanipendi kwa sababu ya mkasi?"

"Anakupenda."

"Mbona haji?"

Nesi ndiye aliyeniletea jibu, Jumamosi mchana. Alikuja na sare yake eti imebana, lakini sare haikuwa imebana popote. Alinivuta pembeni.

"Fundi, leo sikuleti maneno ya watu. Nimeona mwenyewe. Mumeo alikuja zahanati jana asubuhi. Bastola ameirudisha polisi, kanionyesha karatasi. Sasa anauliza kama kuna daktari wa kumpima kichwa."

"Kumpima nini?"

"Anasema tangu apigwe anasahau. Anasema alifunga sanduku kwa mikono yake, anakumbuka hata baridi ya kufuli, na kumbe hakufunga. Anasema kama akili yake inamwonyesha vitu ambavyo hakuvifanya, basi bora mtoto asikae naye tena." Nesi akafuta macho. "Duka amelifunga. Mikono, usiseme. Nilimpa maji, nusu yakamwagikia shati."

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi ya Mama. Nilijua kwamba nimemtisha mtoto na kumvunja mwanaume. Yule aliyekuwa ameokoka chuma kichwani, mimi nilikuwa namwua kwa kunyamaza.

Jumapili akaja mwenyewe. Alileta nguo za Sindano amezikunja vibaya, kama wanaume wanavyokunja, na shati lake lilikuwa halina kifungo cha juu. Mama alimkaribisha kiti kwa kidole. Mimi nilikaa kwenye mkeka, mtoto nikamtuma kwa jirani.

"Mama mkwe," akaanza, "sikuja kujitetea. Nimekuja kusema kwamba umesema kweli. Kichwa changu hakiko sawa. Naomba mtoto akae hapa kwako mpaka nipimwe. Na mwenzangu..." akanitazama, akashindwa. "Mwenzangu aamue mwenyewe."

"Angalau unajijua," akasema Mama.

"Ulifunga," nikasema.

Wote wawili wakageuka.

"Ulifunga sanduku. Ufunguo ukautundika msumarini. Nilisikia kufuli na masikio yangu. Mimi ndiye niliyefungua. Mkanda ulikuwa umefumuka, nikataka kuushona, mteja akaja, nikautia kwenye droo ya mkasi. Mimi. Kichwa chako hakina ugonjwa."

Mama akaweka chini ungo wake wa mchele. "Unasema nini wewe?"

"Nasema mimi ndiye niliyemlaza mwanangu miguuni pa kifo, Mama, halafu nikamwacha huyu abebe."

Nilidhani atalia, au atanikumbatia, kama ninavyosoma kwenye hadithi. Hakufanya hivyo. Alikaa muda mrefu anatazama mikono yake, na mikono ilikuwa inatetemeka vile vile.

"Siku tatu," akasema. "Siku tatu umeniacha nikidhani nimekuwa mwehu."

Akasimama, akamuaga Mama kwa adabu, akaondoka. Mama aliinuka akanipikia chai, akaiweka mbele yangu, akanishika bega. Hilo bega naliona zito mpaka leo.

Jumatatu asubuhi nilikodi mkokoteni. Nikapakia cherehani yangu na kigoda cha wateja, nikamwambia msukumaji, kwa fundi saa. Duka lilikuwa limefunguliwa tena. Alikuwa amekaa dirishani, lenzi jichoni, mgongo mlangoni. Mlango ulipolia mabega yake yakaruka.

"Ni mimi," nikasema haraka.

"Najua. Nilizijua hatua, nikachelewa kuziamini."

Tuliiteremsha cherehani mimi na msukumaji, nikaiweka mbele kabisa, mimi naelekea mlango, mgongo wangu kwenye mgongo wake. Kati yetu ilibaki nafasi ya mtu mmoja kupita.

"Unafanya nini?" akauliza bila kugeuka.

"Nakaa hapa. Wewe utatazama dirisha, mimi nitatazama mlango. Mtu akiingia nitamwona kabla hajafika."

"Na ukimwona utamfanya nini? Utampima kiuno?"

"Nitapiga ukelele. Unaujua ukelele wangu."

Akasema, "Bado nina hasira, fundi wangu."

"Kaa nazo. Mimi nashona."

Nikashona. Nyuma yangu nikasikia skrubu inaanguka kwenye kisahani. Baadaye kidogo ikaanguka tena. Sikugeuka. Wateja wawili waliingia, nikawaona wote wawili kutoka barabarani, nikawa nawataja kwa sauti: "Huyo ni mama wa duka la viatu. Huyo ni karani, ana saa yake ya mkononi." Kiti nyuma yangu hakikulia tena kwa kushtuka. Jua lilipofika katikati nikagundua kuwa ni muda mrefu sijasikia kitu kikianguka.

"Fundi wangu," akasema, "nipe mkasi. Huu mkanda wa ngozi unanisumbua."

Nikautoa mkasi kwenye mfuko wake wa kahawia. Mkono wangu ukagoma kumnyooshea. Nikauweka juu ya meza yake, nikaondoa mkono.

Hakuchukua mkasi. Alivua lenzi, akaufuata mkono wangu pale ulipokimbilia, akaushika. Wake ulikuwa unatetemeka kidogo. Wangu pia. Tukaishikilia hivyo mpaka ikatulia yote miwili, halafu akakata mkanda wake.

Jioni tulikwenda pamoja kwa Mama kumchukua mtoto.

Ule mfuko wa uzi mwekundu niliufumua mshono kwa mshono. Na haya hapa chini niliyaandika nyuma ya daftari langu la vipimo, na kila binti anayekuja kushonewa gauni la harusi kwangu namsomea, atake asitake:

Usikubali silaha iingie nyumbani kwa sababu tu unampenda anayeileta.

Ikiwa imeingia, usiache ufunguo msumarini. Mtoto hafiki leo. Kesho kuna kigoda.

Usiache risasi ndani yake, hata siku moja, hata umechoka.

Usiitoe kwa kazi ya dakika mbili.

Usiishonee mfuko mzuri.

Usiiweke karibu na kitu ambacho mtoto amezoea kukuletea.

Usiseme nimezoea. Ukijisikia unasema hivyo, rudi uogope upya.

Usimcheke mama yako.

Usimwachie mwenzio kosa lako, hata akijitwisha mwenyewe.